Maji yakipita kwenye mota ya saruji na mchanga yanaondoka na nini? Dhana potofu na ukweli

"Chumvi tu hiyo, piga brashi." Hii naisikia sana. Mara nyingine ule weupe ukutani ni chumvi kweli, ila ukiukuta kwenye njia ya maji yanayovuja, umeganda kama ukoko wa sufuria na brashi haiutoi, hiyo ni chokaa iliyotoka ndani ya mota. Saruji ikishika na maji inazaa chokaa, maji yakipita yanaiyeyusha, kama gramu 1.7 kwa lita, yakifika nje inakutana na kaboni dayoksaidi ya hewani inakuwa ukoko. Sugua tu, lakini kilichotoka kimetoka.

Wengine wanasema maji safi hayana neno, kinachokula saruji ni asidi na maji ya bahari. Hapa ndo wengi wanapigwa chenga! Maji ya mvua hayana madini karibu kabisa kwahiyo yana njaa, yanavuta kalisi (madini yaliyomo kwenye chokaa) ya kwenye mota, wakati maji magumu yameshashiba na yanaweza hata kuacha utando wa kuziba vitundu. Na ya baridi yanayeyusha chokaa zaidi kuliko ya moto, kinyume cha sukari.

Eti chokaa ikitoka nguvu haipungui maana gundi inayoshikanisha mota ni kitu kingine? Gundi kubwa ni kingine kweli, ila chokaa ikiondoka inaacha vitundu, maji yanapita kirahisi zaidi, chokaa ikiisha yanahamia kwenye gundi yenyewe, mota inakuwa laini unaikwangua na msumari. Kama kuna nondo ndani, ile alkali (kinyume cha asidi) iliyokuwa inazilinda nayo inashuka, kutu inaanza.

Sasa usikimbilie kusema basi tusimwagilie plasta. Maji ya kumwagilia saruji inayatumia kushika, shida ni yale yanayopita miezi na miaka. Maabara wenyewe wanaloweka sampuli kwenye maji yaliyokwisha kujaa chokaa ili zisipoteze ya kwao.

Na hii ya "ongeza saruji", hapana, kama maji nayo umemwaga ili mota iteleze utapata vitundu vilevile. Punguza maji, halafu saruji yenye pozolana (majivu ya volkano, mfano) inasaidia sana, inaikamata chokaa na kuigeuza gundi. Ila inashika taratibu, fundi mwenye haraka haipendi, na ndo inayotaka kumwagiliwa siku nyingi zaidi.