Pendulamu isiyo na kamba: gololi ndani ya pipa

Juzi nilikuwa kwa fundi wa kuchomelea pale Mikindani, kapasua pipa la lita 200 katikati kwa urefu anatengeneza jiko la kuchomea pweza, dogo wake kachukua gololi ya beringi anaiachia pembeni humo ndani, inashuka, inapanda upande wa pili, inarudi, kila safari inapanda chini zaidi ya mwanzo mpaka inatulia. Sasa hiyo ni pendulamu inayofifia, tena yenye kitu kinachoviringika.

Ile ya kawaida tunaijua, timazi ya mwashi ikisukumwa kidogo inabembea, na muda wa kwenda na kurudi unategemea urefu wa kamba na mvutano wa dunia, uzito haumo. Kwenye pipa kamba haipo, badala yake unachukua nusu kipenyo cha pipa unatoa nusu kipenyo cha gololi. Nusu kipenyo cha pipa lile ni kama sentimita 28 na nusu, cha gololi sentimita 1, kwa hiyo "kamba" ni 27 na nusu. Timazi ya urefu huo inabembea mara 10 kwa sekunde 10 na nusu hivi.

Gololi lakini inachukua kama 12 na nusu! Kwa nini? Kwa sababu ikishuka haiendi tu, inajizungusha pia, na nishati ya ule mteremko inagawanywa, nyingine mwendo, nyingine mzunguko. Kwa gololi iliyojaa mgawanyo ni kwamba kila 5 za mwendo zinakwenda na 2 za mzunguko, ndo maana kwenye hesabu unakuta 7/5, na kwa kuwa muda unafuata kipeuo cha pili cha hiyo, unaongezeka asilimia 18. Ukiweka kipande cha bomba, ambacho chuma chake chote kiko pembeni, ni nusu kwa nusu, muda unaongezeka asilimia 41. Uzito bado haumo, kinachohesabika ni umbo.

Sasa hapa kwenye kufifia ndo watu wengi wanachanganya. Wanasema msuguano ndo unaichosha gololi, wakati msuguano ule wa gololi na bati ndo unaoifanya izunguke, na maadam haitelezi, pale inapogusa bati panakuwa pametulia kwa nukta ile, kwa hiyo hauli nishati. Kinachokula ni bati kubonyea kidogo na kurudi, kutu, vumbi, ule mlio wa grrr unaousikia, na hewa.

Na namna ya kufifia inakwambia mla ni nani. Kama ni hewa au oili (kwa mwendo wa polepole), kila bembea inapoteza asilimia ileile, kwa hiyo mwisho inajivuta weee haiishi. Kama ni bati na kutu, kila bembea inapoteza kipimo kilekile, inapungua sawasawa halafu inasimama ghafla, hata pembeni kidogo ya katikati. Oili ikiwa nzito sana haibembei kabisa, inashuka taratibu inakaa, na shokapu ya bodaboda inatafutwa iwe karibu na hapo, isirushe abiria mara tatu kwa shimo moja.

Mlinganyo wenyewe kwa maneno: 7/5 zidisha urefu zidisha badiliko la kasi ya pembe, jumlisha ukinzani, jumlisha mvutano zidisha sine ya pembe, jumla sifuri. Unaupiga kwenye kompyuta hatua ndogondogo, hata eksel inatosha.

Ila zile sekunde ni za pembe ndogo. Dogo alipoiachia kutoka mdomoni kabisa mwa pipa, ukuta umesimama wima, bati haligandamizwi, kwa hiyo msuguano haushiki, gololi ikateleza kwanza ndo ikaanza kuviringika, na hapo msuguano unakula kweli. Modeli ya hapo inabidi iwe na vipande viwili, cha kuteleza na cha kuviringika.