Je, wajua kwa nini vidonge vya kuzuia uzee vinaweza kukudhuru?

Ingia duka kubwa la dawa Dar es Salaam au Nairobi, au fungua tu simu yako, utakutana navyo: vidonge vya kolajeni, glutathioni, vitamini E, resveratroli (kiambato cha zabibu), na siku hizi NMN. Maelezo ya muuzaji karibu ni yale yale. Mwilini kuna chembe haribifu ziitwazo radikali huru, zinazokula seli kama kutu inavyokula bati. Kidonge kina antioksidanti, ambazo huzizima chembe hizo. Basi ukimeza zaidi, utazeeka polepole zaidi.

Wazo hili lina asili ya kisayansi. Mwaka 1956 Denham Harman, mtafiti wa Marekani, alichapisha nadharia kwamba uzee unatokana na madhara ya radikali huru yanayolimbikizana mwilini. Chembe hizo zipo kweli. Seli huzitoa zinapotumia oksijeni kutengeneza nishati, na zikizidi huharibu protini na vinasaba. Lakini je, ukizizima kwa vidonge mtu anafaidika? Hilo lilihitaji kupimwa kwa watu wengi, na kwa miaka.

Nchini Finland walipima. Watafiti walikuwa na sababu ya kutumaini: watu wenye betakarotini nyingi kwenye damu, ile antioksidanti yenye rangi ya karoti na maembe, iliyomo pia kwenye mchicha, walionekana kupata saratani ya mapafu kwa nadra. Wakakusanya wanaume 29,133 wavutaji sigara, wenye umri wa miaka 50 hadi 69. Wengine walipewa miligramu 20 za betakarotini kila siku, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, na wengine kidonge kisicho na kitu. Wakafuatiliwa kwa miaka 5 hadi 8.

Matokeo yalitolewa mwaka 1994. Waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza, na vifo vyao kwa jumla vilizidi kwa asilimia 8. Huko Marekani, jaribio kama hilo la watu zaidi ya 18,000, wengi wao wavutaji sigara au watu waliowahi kuvuta, lilisitishwa kabla ya wakati mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Wala si wavutaji peke yao. Mwaka 2011 jaribio la wanaume wenye afya zaidi ya 35,000 lilionyesha kuwa waliomeza vitamini E ya dozi kubwa walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi.

Imekuwaje kitu kilekile kiwe chema kwenye sahani na kidhuru kwenye kopo? Kwanza, mboga ina mamia ya viambato kwa viwango vidogo. Kidonge kina kimoja kwa wingi ambao mwili haukuuzoea. Pili, na hili ndilo matangazo hayalisemi, mwili unazihitaji radikali huru. Chembe nyeupe za damu huzitumia kuua bakteria. Misuli inayofanya kazi huzitoa kama ishara ya kuuamsha mwili ujenge kinga yake wenyewe. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia vijana waliofanya mazoezi kwa wiki 4. Wasiomeza chochote, miili yao iliitikia vizuri zaidi insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Waliokuwa wakimeza vitamini C na E hawakuipata faida hiyo. Mtu anatoka jasho, kisha anafuta kazi yake kwa kidonge alichokinunua ghali. Hili hunisikitisha sana.

NMN na wenzake wana hoja tofauti. Huongeza NAD, kiambato ambacho seli hukihitaji na ambacho hupungua kadiri umri unavyosonga. Kiwango chake kwenye damu hupanda kweli. Ila majaribio kwa binadamu yamekuwa madogo na ya muda mfupi, na hakuna lililoonyesha kwamba watu wameishi zaidi. Resveratroli nayo ilipojaribiwa kwa panya wanaokula chakula cha kawaida, haikuwaongezea maisha.

Lebo isikutulize. Marekani, zinakotoka nyingi za bidhaa hizi, sheria ya mwaka 1994 haimlazimu mtengenezaji kuthibitisha kwa serikali kwamba kirutubisho ni salama na kinafanya kazi kabla ya kukiuza.

Kwa hiyo taja kila unachomeza unapokwenda hospitali. Mjamzito asimeze vitamini A ya dozi kubwa, kwani huweza kumlemaza mtoto tumboni. Vitamini E nyingi pamoja na dawa za kuzuia damu kuganda huongeza hatari ya kuvuja damu. Na bayotini, inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, huweza kupotosha vipimo vya maabara: kipimo cha troponini, protini inayovuja kwenye damu moyo unapoumia, kikasoma chini, na mshtuko wa moyo ukapita bila kuonekana. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 30 za bayotini kwa siku, na vidonge vingi vya nywele vina 5,000 au 10,000.