Pesa ambazo ni hasara kuzitumia

Kila mwenye duka anayetaka kupokea Bitcoin, sarafu ya kidijitali, huanza kwa kuniuliza malipo yatachukua muda gani. Kazi yangu ni kuunganisha mifumo ya malipo, na jibu hilo nimelirudia mpaka limenichosha: bloku moja, yaani kifurushi cha miamala inayothibitishwa pamoja, hupatikana kwa wastani wa dakika 10, na anayetaka uhakika mkubwa husubiri bloku sita, kama saa nzima. Mteja aliye kaunta na foleni nyuma yake hana saa nzima. Mimi hata hivyo kinachoniumiza kichwa zaidi ni ada.

Tumezoea kwamba ukilipa kidogo unakatwa kidogo. Bitcoin haiangalii kiasi. Inapima muamala kwa baiti, yaani nafasi utakayochukua ndani ya bloku, na nafasi hiyo hugombaniwa: mtandao ukijaa, ada ya kila baiti hupanda. Anayelipia nyumba na anayelipia kalamu, miamala yao ikiwa na umbo moja kwa wakati mmoja, hukatwa sawa.

Halafu kuna suala la vipande. Skrini ya pochi, programu unayotunzia Bitcoin zako, inaonyesha salio moja, lakini ndani pesa zimekaa vipandevipande, kila malipo uliyopokea na kipande chake, kama noti na sarafu mkobani. Ukilipa, pochi huchota vipande vya kutosha, humpa muuzaji chake, na chenji hukurudia kama kipande kipya. Kwa anwani zinazoanza na bc1q, aina moja ya anwani za Bitcoin, muamala wa kipande kimoja kinachoingia na viwili vinavyotoka huhesabiwa takriban baiti 141. Kila kipande cha ziada kinachoingia huongeza kama 68.

Mfanyabiashara mmoja niliyemhudumia alipokea malipo madogomadogo kwa miezi, akafurahi kuona salio linapanda. Siku ya kumlipa msambazaji wake, pochi ikalazimika kukusanya vipande 20. Muamala ukavuka baiti 1,400, mara kumi ya ule wa kawaida, na mtandao siku hiyo ulikuwa umefurika. Vipande vingine havikufikia hata gharama ya kuvitumia. Alinipigia akidhani programu yangu ina hitilafu. Nilipomweleza, akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo nina pesa ambazo ni hasara kuzitumia?" Ndiyo, nikamwambia.

Wakubwa pia yamewakuta. Desemba 2017 Steam, duka la michezo ya kompyuta, liliacha kupokea Bitcoin baada ya ada kukaribia dola 20 kwa muamala. Bei nayo ilikuwa ikiyumba: ikishuka kabla malipo hayajakamilika, mteja alitakiwa aongezee, na nyongeza hiyo ilikuwa na ada yake.

Lightning, mtandao wa malipo uliojengwa juu ya Bitcoin na kuanza kutumika 2018, inatibu sehemu kubwa ya haya. Malipo hupita kwenye njia zilizofunguliwa kati ya watumiaji, hufika papo hapo kwa ada ndogo mno. Ila kufungua na kufunga njia bado ni muamala wa kawaida wa Bitcoin, na anayepokea lazima njia zake ziwe na nafasi ya kuingizia, yaani upande wa pili wa njia uwe na pesa za kumsukumia. Wengi huchoka na kuiachia kampuni iwatunzie pochi. Kwa mfumo uliobuniwa 2008 ili watu walipane bila mtu wa kati, huo ni mzunguko mrefu sana wa kurudi tulikotoka.

Sarafu zilizofungwa kwa dola, kama USDC, huondoa kuyumba kwa bei karibu kote. Karibu, kwa sababu Machi 2023 USDC ilikaa chini ya dola moja kwa siku chache, ikagusa hata chini ya senti 90, sehemu ya akiba yake iliponaswa ndani ya Silicon Valley Bank, benki ya Marekani iliyoanguka. Kwenye Ethereum, mmoja wa mitandao inayobeba USDC, bloku huja kila sekunde 12, ila ada hulipwa kwa etha, sarafu ya mtandao huo. Nimeona mtu ana USDC za kutosha na hawezi kutuma hata moja kwa kukosa etha kidogo tu. Kwa kumlipa mtu aliye nchi nyingine bado nazitumia. Kwa kaunta, hapana.

Mwenye duka aking'ang'ania kupokea Bitcoin, namwekea mfumo hivi: malipo madogo yapite Lightning tu, makubwa yaende kwenye mnyororo wenyewe wa bloku za Bitcoin, na vipande viunganishwe kimoja wakati ada ziko chini, mara nyingi Jumapili usiku.