Je, wajua kilichowashusha askari wa farasi njiani kuja Iringa?

Ukitoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Ruaha, ukishaipita Tungamalenga, utaanza kuona vitambaa vya bluu na nyeusi vimetundikwa kandokando ya barabara. Mgeni hudhani ni bendera. Ni mitego ya ndorobo, yule nzi mnyonya damu anayeitwa pia mbung'o: rangi hizo mbili zinamvuta, na kitambaa kimepakwa dawa ya kumuua. Ndiyo maana waongoza watalii huwaambia wageni wasivae bluu. Mimi nilivaa jinzi. Ndorobo hajali jinzi. Anatua kimya kimya, unashtukia sindano pajani, unampiga kofi, anaanguka, unafurahi, kisha anaamka na kuruka zake.

Mpwa wangu, aliyekuwa amebandika uso dirishani akihesabu pundamilia, akauliza, "Mjomba, pundamilia si farasi tu mwenye mistari? Mbona Wazungu walipokuja kupigana huku hawakuja na farasi kama kwenye sinema?"

Walikuja nao, tena maelfu. Wakafa.

Twende mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waingereza wanataka kuwanyang'anya Wajerumani koloni hili, na Jenerali Jan Smuts amefika Februari na jeshi kubwa la Afrika Kusini. Ndani yake kuna brigedi ya wapanda farasi chini ya Jacob van Deventer, Kaburu aliyepigana na Waingereza hao hao miaka kumi na kitu nyuma, na sauti yake ilikwaruza kwa jeraha la koo alilolipata katika vita hivyo. Vijana wake wamekulia juu ya tandiko. Hawapigani wakiwa juu ya farasi kama wa kwenye sinema. Wanakimbia nao hadi karibu na adui, wanashuka, wanalala chini na bunduki. Katika kila wanne, mmoja anabaki nyuma ameshika hatamu za wote. Uzuri wa farasi kwao ni mwendo: unatokea mahali ambapo adui alidhani utafika baada ya wiki.

Machi wako Moshi. Mwanzoni mwa Aprili wanauzingira mlima wa Lolkisale, kusini mwa Arusha, maana chemchemi za maji ziko huko na farasi wana kiu. Tarehe 19 Aprili wanaingia Kondoa. Kwenye ramani ni ushindi wa kupigiwa makofi. Lakini ile ni Aprili, masika yenyewe, na farasi wanaanguka njiani kila siku. Kikosi kilichoondoka na wapanda farasi wapatao 1,200 kilifika kimepungua karibu nusu.

Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wauaji wakubwa walikuwa wadudu wawili, na kila mmoja ana mtindo wake.

Wa kwanza ni usubi, kale kadudu kadogo kuliko mbu kanakouma jioni. Kanabeba kirusi cha maradhi ambayo Makaburu waliyaita kwa kifupi tu ugonjwa wa farasi. Waliyajua vizuri, hata aina zake wakazipa majina: kichwa kinene, ambapo macho na uso vinavimba, na kichwa chembamba, ambao ndio mbaya. Huu wa pili unajaza mapafu maji. Asubuhi farasi amekula vizuri. Mchana anahema huku ametanua miguu ya mbele na kunyoosha shingo. Jioni povu jeupe linamtoka puani kama sabuni, na anakufa maji akiwa nchi kavu. Kwa aina hiyo, wanaopona ni wachache mno. Farasi aliyeugua akapona waliita "aliyetiwa chumvi", na bei yake ilikuwa juu kuliko ya wenzake.

Wa pili ni ndorobo, na ugonjwa wake ni nagana, neno lililotoka kwa Wazulu. Daktari David Bruce aligundua huko huko Uzuluni, mwaka 1895, kwamba ndorobo ndiye anayehamisha vimelea vya ugonjwa huo kutoka mnyama hadi mnyama. Nagana haina haraka. Farasi anakula lakini anakonda, damu inapungua, tumbo na miguu vinavimba, siku moja anakataa kuinuka. Mdudu mmoja anaua kwa siku chache, mwingine kwa wiki kadhaa. Ukimkwepa huyu unamwachia yule.

Kinachonisikitisha ni kwamba huku juu kwetu ni nchi nzuri ya farasi. Iringa mjini iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, Kitulo inapita 2,600, kuna majani na baridi, na ndorobo haipendi baridi ya huko. Shida ni kufika. Kwa van Deventer, aliyeingia Dodoma mwishoni mwa Julai na Kilosa tarehe 22 Agosti, kila njia ya kupanda huku ilipita kwanza kwenye mabonde ya joto na vichaka. Iringa yenyewe ilitekwa tarehe 29 Agosti na kikosi kingine cha Waingereza, cha Jenerali Northey, kilichotokea kusini, upande wa Nyasa, kwa miguu na mizigo vichwani.

Tena weka wadudu pembeni, upige hesabu ya chakula tu. Farasi wa jeshi anahitaji kama kilo tano za nafaka kwa siku, mbali na majani. Mpagazi anabeba kilo 25, yaani chakula cha farasi mmoja kwa siku tano. Kutoka relini Dodoma hadi Iringa ni kama kilomita 260. Kwa kilomita 20 kwa siku ni siku 13. Mpagazi naye anakula karibu kilo moja ya unga kwa siku. Kwenda na kurudi amekula kilo 26. Mzigo wote umeishia tumboni mwake na bado anadai kilo moja! Malori na mikokoteni ya ng'ombe ilisaidia kidogo, lakini ng'ombe nao wanauawa na nagana, na lori la wakati ule likikutana na tope la Desemba linalala hapo hapo. Mwisho wa mwaka majeshi ya van Deventer yalikuwa Iringa yakijaribu kuwasukuma Wajerumani kupitia milima ya Udzungwa. Mvua ikakata njia, na sehemu kubwa ya askari ikabidi irudishwe relini kwa kukosa chakula. Januari 1917 Smuts aliondoka. Zaidi ya askari 12,000 wa Afrika Kusini walikuwa wamesharudishwa kwao, wengi wakiwa hoi kwa malaria.

Kazi ya farasi ilihamia kichwani mwa mtu. Waingereza walikusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu, na waliokufa, kwa hesabu za wakubwa wao wenyewe, wanakaribia 100,000. Jina la Kiingereza la kikosi hicho, Carrier Corps, likageuka ulimini mwetu kuwa Kariakoo, pale Dar es Salaam tunapofuata vitenge na vifaa vya simu.

Nilimweleza mpwa wangu hata habari za Lugalo, karibu na Iringa, 17 Agosti 1891, ambako Wahehe wa Mkwawa waliuangamiza msafara wa Wajerumani. Kamanda wao Zelewski alikuwa amepanda punda. Punda anavumilia kuliko farasi, ingawa naye hufa.

"Na pundamilia?" Alikuwa hajasahau. Pundamilia ameishi na wadudu hawa tangu enzi na enzi. Kirusi cha ugonjwa wa farasi kinaingia mwilini mwake na kukaa kama mpangaji, haumwi, ila usubi akimnyonya yeye kisha akamnyonya farasi, shughuli imeanza. Mistari nayo ina kazi yake: mwaka 2019 watafiti nchini Uingereza waliwavisha farasi koti la milia, na nzi wa kuuma wakawa wanakuja hadi karibu lakini wanashindwa kutua vizuri.

Ndiyo maana hata leo mwenye farasi kwenye nchi yenye ugonjwa huu huangalia jua. Likianza kuzama anamwingiza bandani, maana usubi anatoka jioni hadi alfajiri, na hapendi kuingia ndani.