Parachichi, maembe na herufi mbili: kufumbua mafumbo ya fedha

Mwanafunzi wa sekondari akikwama kwenye fumbo la fedha lenye milinganyo miwili, mara nyingi kutoa na kuzidisha anakujua vizuri. Ameharibikiwa mapema zaidi, pale alipoandika "p ni parachichi". Sisi tunaoandaa mafunzo ya walimu wa hisabati tunalisisitiza hili kuliko jingine lolote: herufi haisimamii tunda, inasimamia bei ya tunda moja kwa shilingi. Aiandike sentensi hiyo nzima kabla ya kugusa mlinganyo.

Tuchukue soko la Mbuyuni, Moshi. Mteja mmoja amenunua parachichi 3 na maembe 2 kwa shilingi 2,100. Mwingine, kwa muuzaji yuleyule, amechukua parachichi 5 na maembe 4 kwa 3,700. Bei ya parachichi moja iwe p, ya embe moja iwe m:

3p + 2m = 2,100
5p + 4m = 3,700

Ataambiwa azidishe mlinganyo wa kwanza kwa 2 ili m iondoke. Sawa, lakini aelezwe maana yake. Mteja wa kwanza angenunua mara mbili, angebeba parachichi 6 na maembe 4 kwa 4,200. Ukimlinganisha na wa pili, maembe yako sawa. Amemzidi parachichi moja tu na shilingi 500. Basi hiyo ndiyo bei ya parachichi. Matatu ni 1,500, zinabaki 600 za maembe mawili, yaani 300 kila moja. Ahakiki kwa mteja wa pili: 2,500 na 1,200, jumla 3,700.

Mafumbo ya noti yana mtego wake. Konda wa daladala ana noti 23, za 1,000 na za 2,000, jumla shilingi 31,000. Wapo wanaoandika x + y = 31,000, wakichanganya idadi na thamani. Mlinganyo mmoja unahesabu noti: x + y = 23. Wa pili unahesabu fedha: 1,000x + 2,000y = 31,000. Zote zingekuwa za 1,000, konda angekuwa na 23,000. Hizo 8,000 za ziada zimetokana na noti za 2,000, kila moja ikiongeza 1,000. Kwa hiyo ziko 8, na za 1,000 ni 15. Likitoka jibu la noti saba na nusu, arudi mwanzo bila ubishi.

Je, mteja wa pili angenunua parachichi 6 na maembe 4 kwa 4,200? Hapo hakuna taarifa mpya, ni ileile iliyorudiwa, na bei nyingi zinakubali: 500 na 300, au 600 na 150. Angelipa 4,000, milinganyo ingegongana kabisa, isiwepo bei inayowafaa wote wawili. Watu wa sokoni wanajua kilichotokea: kapunguziwa. Kwa hiyo mwalimu anayetunga fumbo asisahau kuandika "kwa bei ileile".