Je, wajua kwa nini matoke huruka boda ikifunga breki?

Busia, upande wa Uganda, saa mbili asubuhi. Boda iliyotutangulia ilikuwa imepakia mikungu mitatu ya matoke, miwili chini na mmoja juu, imefungwa kwa kamba ya katani iliyochakaa. Mbuzi akakatiza barabara. Dereva akakanyaga breki, kamba ikakatika, na ule mkungu wa juu ukampita begani, ukaanguka mbele ya gurudumu, ndizi zikatawanyika lami nzima. Mbuzi akapona. Mama mmoja muuza samaki akapiga kelele: "Breki imerusha matoke!"

Namwelewa, maana ndivyo macho yanavyoona. Lakini breki haikurusha kitu. Kabla ya mbuzi kutokea, pikipiki, dereva na mikungu vyote vilikuwa vinakwenda mwendo mmoja. Breki ikakamata magurudumu. Dereva akajizuia kwa mikono yake kwenye usukani. Mkungu wa juu haukuwa na cha kuuzuia ila ile kamba, na kamba ilipoachia, mkungu ukaendelea na safari yake kwa mwendo uleule. Haukuruka. Pikipiki ndiyo iliyobaki nyuma.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza kati ya tatu ambazo Mwingereza Isaac Newton alizichapisha mwaka 1687: kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwa kasi ileile, katika mstari ulionyooka, mpaka kitu kingine kikisukume au kikivute. Msukumo au mvuto huo ndio tunaouita kani. Na ndiyo sababu boda ikiondoka kwa kishindo unaegemea nyuma: pikipiki imeshaanza safari, kiwiliwili chako bado.

Watu walichelewa sana kulikubali jambo hili. Kwa karne nyingi wasomi walimfuata Aristotle wa Ugiriki, aliyefundisha kwamba kitu hakiendi bila kusukumwa. Mtazame kijana anayesukuma baiskeli yenye gunia la mkaa na utaona Aristotle ana hoja, kwani akiacha kusukuma, baiskeli inasimama. Ila inasimama kwa sababu ya msuguano wa mchanga na matairi, unaoirudisha nyuma muda wote. Galileo wa Italia, kabla ya Newton, alijaribu kuuondoa msuguano huo katika mawazo yake, akaona kwamba kitu kisingekuwa na sababu ya kusimama.

Sasa, ile kamba ilihitaji kuwa na nguvu kiasi gani? Kanuni ya pili ndiyo inayojibu: kani ni tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo katika kitu, mara kiasi ambacho mwendo hubadilika kila sekunde. Tuseme boda ilikuwa inakwenda kilomita 36 kwa saa, ambazo ni mita 10 kila sekunde, na ikasimama kwa sekunde 2. Kila sekunde imepoteza mita 5 za mwendo. Mkungu wa kilo 20 unadai 20 mara 5, newton 100 (newton ni kipimo cha kani), karibu sawa na kuitundikia kamba mzigo wa kilo 10. Kamba nzima haisumbuliwi na mzigo huo. Lakini mkungu huohuo ukigonga ukuta na kusimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kani inafika newton 2,000. Huo ni uzito wa mifuko minne ya saruji ya kilo 50. Mkungu ni uleule, mwendo ni uleule, kilichopungua ni muda.

Hapa ndipo ninapowasihi ndugu zangu abiria kuhusu helmeti. Kazi yake si kuwa ngumu tu. Ganda la nje hutawanya pigo, na lile povu jepesi la ndani hubonyea, likikiongezea kichwa muda kidogo wa kusimama, na kani inashuka. Helmeti isiyofungwa kidevuni nayo hufuata kanuni ya kwanza: inakwenda zake, kichwa kinabaki kitupu.

Mwendo nao una hesabu yake. Kwa breki zilezile, boda ya kilomita 36 kwa saa inasimama kwa mita 10. Ukienda 72, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini umbali wa kusimama ni mara nne, mita 40. Ongeza sekunde moja ya dereva kushtuka, na jumla inakuwa mita 20 kwa yule wa kwanza na 60 kwa wa pili. Mbuzi aliyetokea mita 30 mbele ataishi kwa mmoja tu kati ya hao wawili.

Limebaki jambo ambalo hata madereva wazoefu niliozungumza nao hawakulitarajia. Breki yenyewe haisimamishi pikipiki. Inazuia gurudumu tu. Inayosimamisha ni barabara. Kanuni ya tatu inasema huwezi kukisukuma kitu bila chenyewe kukusukuma kwa kani iliyo sawa, kuelekea upande wa pili. Gurudumu lililobanwa huisukuma barabara kwenda mbele, na barabara hulisukuma gurudumu kurudi nyuma. Mvua ikinyesha kwenye barabara ya udongo mwekundu, tope haliwezi kushika wala kusukuma vya kutosha, na pikipiki huserereka ingawa breki ni mpya kabisa.

Kwa hiyo asubuhi ile, dereva alipokanyaga breki kwa ajili ya mbuzi, dunia nzima ilisukumwa mbele kwa kani ileile iliyomsimamisha. Ila dunia ina tungamo kubwa mno, na kwa kanuni ya pili, mwendo wake haukubadilika kiasi cha mtu yeyote kuhisi. Dereva aliokota ndizi zake, akaomba ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, akaufunga mkungu upya. Mpira ule ulikuwa mzima na unanyumbuka. Kamba ya katani aliiacha palepale kando ya barabara.