Leni ya kushoto kwenye kipilefti si ya "waangalifu"

Madereva wengi Tanzania huamini kwamba kwenye kipilefti chenye leni mbili, ya kushoto ni ya waangalifu na ya kulia ni ya wenye haraka. Sivyo. Leni huchaguliwa kwa kule unakokwenda, tena kabla ya kuingia. Unakata kushoto au unanyooka? Kwa kawaida shika kushoto. Mishale barabarani ikielekeza vingine, ifuate. Unakwenda kulia au unageuza? Ingia leni ya kulia ukiwa na indiketa ya kulia. Ukishaipita njia iliyo kabla ya yako, washa ya kushoto, tazama kioo, ndipo utoke. Anayezunguka kwa nje mpaka njia ya mwisho humzibia aliye ndani anayetoka kihalali, na mara nyingi ndiye anayepiga honi!